Jiliwa la Kufungia Nzi Bandia: Jinsi ya Kuchagua Litakalokufaa

Nzi bandia ni chambo cha kuvulia samaki kinachofungwa kwa uzi, manyoya na unyoya juu ya ndoana. Ndoana namba 12 haizidi sana ukucha wa kidole gumba. Juu yake unatakiwa kukaza uzi, kuweka mkia wa nyuzi za unyoya, kuviringisha mwili wa manyoya ya sungura, kuuzungushia waya mwembamba, kufunga kola ya unyoya wa shingo ya jogoo, kisha kumalizia fundo nyuma ya tundu la ndoana pasipo kuliziba. Mkono mmoja una uzi, wa pili una unyoya. Ndoana inabaki kushikwa na jiliwa, na jiliwa likishika vibaya, ustadi wa vidole hauwezi kuiokoa kazi.

Wapo wanaofunga nzi bandia kwa vidole vitupu, kama watu walivyofanya kabla kifaa hiki hakijaenea, na ukiwatazama utadhani ni mazingaombwe. Sisi wengine tunahitaji jiliwa. Shida ni kwamba yapo ya kila namna, kuanzia dogo la kubanwa ukingoni mwa meza hadi lile lenye beringi na skrubu nyingi kama tumbo la saa. Anayeanza huvutwa na mng'aro. Mimi nilivutwa vivyo hivyo.

Jiliwa langu la kwanza lilikuja ndani ya sanduku la vifaa vya wanaoanza. Kwa nzi wa kawaida wenye uzi mwembamba lilinitosha. Kisha nikajaribu kufunga kichwa cha manyoya ya kulungu. Manyoya hayo yana hewa ndani, kwa hiyo ukiyakaza kwa uzi huinuka na kutawanyika kuizunguka ndoana, ndiyo maana hutumika kwa nzi wa kuelea. Ila kuyakaza kunataka nguvu. Nikazungusha uzi mara mbili kwa ulegevu, nikavuta kuelekea chini, manyoya yakaanza kufumuka vizuri, mara uzi ukalegea mkononi. Ndoana ilikuwa imeinama, tundu lake linatazama meza. Nikaiinua, nikabana zaidi, nikavuta. Ikainama tena. Mara ya tatu niliukandamiza mkono wa kubania kwa nguvu zangu zote, nikasikia "kak!" Ncha ya taya moja ilikuwa imemeguka, na kipande chenyewe, kidogo kama punje ya mtama, kilikuwa kimelala juu ya manyoya yaliyomwagika.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza mbele ya jiliwa lolote ni hili: linashika? Maswali ya kuzunguka, ya kitako na ya uzuri nayauliza baadaye, na kwa mpangilio huo ndivyo tutakavyokwenda hapa.

Hatua ya kwanza: zijue ndoana zako

Usianze na jiliwa. Anza na ndoana unazozitumia au unazokusudia kuzitumia. Zitoe zote, zimwage mezani, zitenge mafungu matatu: ndogo, za kati na kubwa.

Namba za ndoana huenda kinyumenyume. Namba ikiwa kubwa, ndoana ni ndogo: 20 ni kidude cha kutafutwa kwa miwani, 10 inashikika bila taabu. Ukifika namba 1 hesabu inageuka, na kuanzia 1/0, 2/0 na kuendelea, namba ikipanda ndoana nayo inakua. Tena namba hizi hazina kipimo kimoja kwa watengenezaji wote. Namba 14 ya huyu yaweza kuwa ndefu kuliko 14 ya yule. Na kwa jiliwa, kinachohusika hasa ni unene wa waya kuliko urefu. Ndoana ya nzi wa kuelea hutengenezwa kwa waya mwembamba ili isizame, na ile ya nzi wa kuzama au ya baharini huwa na waya mnene. Kwa hiyo andika vitu viwili: namba ndogo kabisa na namba kubwa kabisa unazofunga, na kando yake uandike ni waya wa aina gani.

Matangazo mengi hudai kwamba jiliwa fulani linashika kila kitu, kutoka namba 32 hadi 8/0 bila kubadilisha kitu. Kushika kwa maana ya kutoidondosha, ndiyo. Kushika wakati unavuta uzi kwa nguvu ni habari nyingine. Mataya membamba ya kukupa nafasi nyuma ya ndoana namba 22 hayana nyama ya kutosha kuzuia ndoana 4/0 isigeuke, na mataya manene ya 4/0 yataimeza ile 22 nzima usione pa kuanzia uzi. Ndiyo sababu majiliwa mazuri huuziwa mataya ya kubadilisha: ya kawaida, ya nzi wadogo sana, na ya baharini. Kama fungu lako la kati ndilo kubwa, yaani namba 8 hadi 16, mataya ya kawaida yatakutosha kwa miaka, na usidanganyike kununua ya ziada siku ya kwanza.

Hatua ya pili: angalia mataya yanabanwaje

Zipo njia chache za kufunga mataya, na ukizielewa hutababaishwa na majina ya modeli.

Ya kwanza ni ya koleti. Mataya yako mwisho wa fimbo inayopita ndani ya bomba lenye mdomo mwembamba. Ukisukuma mkono ulio nyuma, fimbo inavutwa ndani, mdomo wa bomba unayalazimisha mataya kukutana. Jiliwa la Thompson Model A la Marekani ndilo lililoieneza sana njia hii, na majiliwa mengi ya bei ya chini hadi leo yanaliiga umbo lake. Koleti ikichongwa vizuri hushika barabara. Ikichongwa vibaya, fimbo hucheza ndani ya bomba na mataya hukutana upande mmoja tu. Kila ukibadilisha unene wa waya itakubidi urekebishe, na wengi wanaoanza hawaambiwi hilo, wakadhani jiliwa limeharibika.

Ya pili ni ya kamu. Mataya mawili yameungana katikati kama mkasi. Nyuma yake kuna kipande cha mviringo usio kamili kinachogeuzwa na mkono mfupi, kikiyatanua mataya kwa nyuma ili yabane kwa mbele. Kampuni za Renzetti na Dyna-King, zote za Marekani, hutumia njia hii kwa namna zao, na kwenye mataya ya Dyna-King kuna vijitaro vya kulaza ndoana nene ili isitegemee msuguano peke yake. Kamu hubana kwa nguvu nyingi kwa msukumo mdogo. Ubaya wake ni huohuo: ukiwa na mkono mzito, unaweza kubana hadi ukaharibu taya au ukaipa ndoana ufa usioonekana, ije ivunjikie mdomoni mwa samaki.

Ya tatu ni ya springi, na kampuni ya Regal ndiyo inayojulikana nayo zaidi. Hapa mambo yamegeuzwa: mataya hubana yenyewe muda wote, na wewe ukiminya mkono wa jiliwa ndipo yanapofunguka. Unaingiza ndoana, unaachia, basi. Hakuna cha kurekebisha ukitoka namba 18 kwenda 1/0. Kwa mtu anayebadilisha ndoana kila nusu saa, au mwenye vidole vyenye maumivu ya viungo asiyependa kuhangaika na skrubu, hii ni raha. Hata hivyo minya mwenyewe kwanza, maana springi huwa kali na si kila mkono unaifurahia.

Ya nne ni ya skrubu tu: unazungusha kwa kidole hadi mataya yabane. Ni ya polepole, lakini haina siri. Utaikuta kwenye majiliwa madogo ya safari na pia kwenye mengine ya kifahari.

Ukiniuliza ipi bora, nitakujibu kwamba uchongaji wa mataya una uzito kuliko njia ya kubana. Yafunge mataya bila ndoana, uyainue kwenye mwanga. Yanapaswa kukutana nchani kwanza. Ukiona mwanga unapita nchani na nyuma yamegusana, ndoana itashikwa kwa nyuma tu na itacheza mbele. Pitisha ukucha pembeni: ncha mbili ziwe sawa, moja isiitangulie nyingine. Chuma kiwe cha pua kilichopigwa moto kikawa kigumu. Huwezi kukipima kwa macho, lakini alama za waya zilizochimbika ndani ya taya la mfano ulio dukani zitakuambia ni laini.

Hatua ya tatu: lijaribu kwa ndoana yako mwenyewe

Nenda na ndoana tatu mfukoni, moja kutoka kila fungu. Usitumie ndoana ya muuzaji, kwa sababu huenda jiliwa limeshawekwa tayari kwa hiyo.

Weka ya kati kwanza. Ishike kwenye pindo, sehemu ya chini ambako waya unaanza kurudi kuelekea ncha, shina, yaani sehemu iliyonyooka ya ndoana, likiwa mlalo sambamba na meza. Bana. Sasa weka ukucha wa kidole gumba juu ya tundu na ubonyeze chini polepole. Tazama mahali ndoana inapoingia katikati ya mataya, usitazame tundu. Shina litapinda kidogo kama upinde, na hilo ni sawa, ni tabia ya waya. Kinachokatazwa ni ndoana kugeuka ndani ya mataya. Achia ghafla. Ndoana iliyoshikwa vizuri hurudi palepale na hulia "ting" nyembamba. Iliyoshikwa vibaya hutoa sauti butu au hukaa kimya, na ukilinganisha na meza utaona shina limeshuka.

Rudia kwa kubonyeza kando, kulia na kushoto, maana jiliwa linaweza kuhimili mvuto wa chini likashindwa wa pembeni. Kisha weka ndoana kubwa. Hapa mengi huaibika. Kama jiliwa lina skrubu ya kurekebisha, irekebishe kabla ya kulihukumu. Si haki kulipa mtihani ambao hukuliandaa. Mwisho weka ndogo, na safari hii angalia nafasi: je, vidole vyako vinafika nyuma ya ndoana? Unaweza kuzungusha uzi bila kugonga mataya kila mzunguko? Pembe ambayo mataya yanainamia ina maana kubwa hapa. Mataya yaliyochongoka na kuinama huacha uwazi mkubwa. Yaliyo manene na mlalo hukufanya ufanye kazi ukipapasa.

Unaponunua kwa njia ya mtandao huwezi kufanya haya kabla ya kulipa. Basi yafanye siku mzigo unapofika, kabla hujatupa boksi wala kupita muda wa kurudisha.

Hatua ya nne: kugeuka na kuzunguka si kitu kimoja

Hapa ndipo pesa nyingi huliwa bure, kwa hiyo tukae kidogo.

Jiliwa lisilosogea ni lile ambalo mataya yake yamekaa upande mmoja. Ukitaka kuona upande wa pili wa nzi, unainamisha shingo. Jiliwa linalogeuka lina mataya yanayoweza kupinduliwa, ila shina la ndoana haliko kwenye mstari wa mhimili. Ukiligeuza, ndoana inachora duara hewani. Linafaa sana kwa kukagua upande wa pili na kupaka gundi chini ya mwili. Jiliwa linalozunguka kikweli limejengwa kwa mkono uliopindwa ili shina la ndoana likae juu ya mhimili wenyewe. Ukilizungusha, ndoana inajizungusha palepale kama nyama kwenye kijiti cha mshikaki.

Faida yake ni nini? Badala ya mkono wako kuzunguka ndoana ukiwa na unyoya au waya, unaushika unyoya mahali pamoja na kuizungusha ndoana. Mizunguko inalala kando kwa kando, nafasi zikiwa sawa. Kwa miili mirefu ya nzi wanaoiga samaki wadogo, kwa utepe wa waya, na kwa kola ndefu, inaharakisha kazi na kuipendezesha. Kampuni ya Norvise imekwenda mbali zaidi: jiliwa lake linazunguka kwa kasi juu ya beringi kwa kulipiga kidole tu, na hutumika pamoja na bobini (kishikio cha uzi) inayorudisha uzi yenyewe. Ni namna tofauti kabisa ya kufanya kazi, na ukiipenda ni vigumu kuiacha.

Ila kuzunguka kuna gharama ambazo muuzaji hazitaji. Ule mkono uliopindwa hukaa chini au nyuma ya ndoana, mahali ambapo vidole vyako vya kushoto vingependa kupita. Pia uzi wa bobini lazima uegemezwe mahali wakati ndoana inazunguka, la sivyo nao utajizungusha. Ndiyo kazi ya kile kipande chenye umbo la V kinachosimama mbele ya jiliwa kwa kijiti chake. Kama jiliwa la kuzunguka linauzwa bila kipande hicho, uliza kinapatikana wapi. Na kwa nzi wadogo wa namba 20, mizunguko yote ya unyoya ni mitatu au minne. Hapo kuzunguka hakukupunguzii chochote.

Namna ya kujua kama linazunguka kikweli: weka ndoana yenye shina refu, lisawazishe shina na mhimili, kisha weka ncha ya penseli karibu kabisa na tundu bila kugusa. Zungusha polepole. Tundu likikaa palepale mbele ya penseli, umepata. Likipanda na kushuka, jaribu kuisogeza ndoana juu au chini ndani ya mataya. Likikataa kabisa kutulia, hilo ni jiliwa la kugeuka lililovaa jina la kuzunguka.

Angalia pia linasimamaje. Liachie katikati ya mzunguko: linapaswa kubaki hapo hapo, wala lisidondoke kwa uzito wa mkono wake. Kuwe na skrubu ya kuongeza au kupunguza ukinzani, na njia ya kulifunga lisisogee kabisa unapofanya kazi ya nguvu. Ukilisukuma kwa pembeni, lisicheze. Jiliwa la Danvise la Denmark lilionyesha kwamba hata jiliwa lenye sehemu nyingi za plastiki ngumu laweza kuzunguka vizuri, kwa hiyo usilidharau jiliwa kwa kuwa halina uzito wa chuma kila mahali. Lidharau likicheza.

Ushauri wangu? Kama ndio unaanza na unafunga nzi wadogo na wa kati, jiliwa lisilozunguka lenye mataya imara ni bora kuliko linalozunguka lenye mataya dhaifu, na kwa kiwango kilekile cha fedha mara nyingi utalazimika kuchagua moja kati ya hayo mawili. Kama bajeti inaruhusu vyote viwili, chukua la kuzunguka. Hutalazimika kulizungusha kila siku.

Wanaotumia mkono wa kushoto wana la ziada. Majiliwa mengi ya kuzunguka yameundwa kwa anayezungusha uzi kwa mkono wa kulia. Renzetti hutengeneza ya mkono wa kushoto pia. Mengine huweza kugeuzwa kwa kufungua skrubu moja au mbili. Mengine hayageuzwi kabisa. Uliza kabla, na ukijibiwa "utazoea", tafuta jingine.

Hatua ya tano: kitako au kibano

Jiliwa husimama kwa njia mbili. Kibano cha umbo la C hubanwa ukingoni mwa meza, nguzo ikipita ndani yake. Kitako ni bamba zito la chuma linalokaa juu ya meza.

Kibano kina nguvu. Ukivuta uzi wa manyoya ya kulungu, meza nzima iko upande wako. Pia nguzo hupanda na kushuka, kwa hiyo unachagua kimo. Lakini kinataka meza yenye ukingo uliochomoza na unene unaoingia kwenye mdomo wake, na huacha alama. Pima unene wa meza yako kabla. Nimewahi kukiona kibano kizuri kikishindwa na ubao mmoja mnene wa meza ya kulia chakula, mwenyewe akaishia kufungia nzi juu ya ubao wa kupigia pasi.

Kitako unakiweka popote: mezani, dirishani, juu ya sinia mapajani. Kimo chake ni kimoja au kinabadilika kidogo tu. Uzito ndio uhai wake. Chini ya kilo mbili hivi kitaanza kuinuka nyuma ukivuta uzi kuelekea kwako. Jaribio ni jepesi: bana ndoana nene, funga uzi imara, vuta hadi ukaribie kuukata. Kitako kikibaki kimetulia, kinafaa. Upana nao unasaidia, na raba chini huzuia kuteleza. Vingine vina vijishimo vya kuwekea shanga na ndoana juu yake. Ni vizuri, ingawa mimi huishia kujaza vumbi la manyoya humo.

Unaweza kuanza na kimoja na kununua cha pili baadaye, kwa sharti kwamba nguzo zinalingana. Majiliwa mengi ya Marekani yana nguzo ya inchi 3/8, yaani milimita 9.5 hivi, na vifaa vingi vya pembeni vimetengenezwa kwa kipimo hicho. Nguzo yenye kipimo cha peke yake itakufunga kwa mtengenezaji mmoja milele.

Kimo kifaacho: ukiwa umekaa, mabega yamelegea na viwiko vikigusa meza, ndoana iwe kati ya kifua na kidevu. Ikiwa chini ya hapo utainama, na baada ya nzi watatu mgongo utakukumbusha.

Vitu vya pembeni

Springi ndogo ya kushikilia nyuzi na manyoya nyuma ya mataya: ina faida, hasa kwa nzi warefu. Bamba la rangi moja la kuweka nyuma ya ndoana ili macho yasichoke: kipande cha karatasi ya kijani au kijivu kinafanya kazi ileile. Kishikizo cha kufungia nzi wa mrija, yaani wanaofungwa juu ya kijibomba badala ya ndoana: nunua siku utakayowahitaji. Taa ni muhimu kuliko vyote hivi, lakini si sehemu ya jiliwa.

Ukinunua lililokwisha tumika

Jiliwa zuri huishi miaka mingi, na la mtu mwingine laweza kuwa bahati yako. Kagua ncha za mataya kwa kioo cha kukuzia: zisiwe zimemeguka wala kukunjwa. Funga na ufungue mara kumi, usikilize kama kuna mahali panakwama. Zungusha kila skrubu hadi mwisho wake. Uzi wa skrubu ulioliwa ndio ugonjwa mbaya zaidi kwa kifaa hiki. Halafu uliza kama mataya ya akiba ya modeli hiyo bado yanauzwa. Mataya yakiwepo, lile bovu linaweza kufufuliwa. Yasipokuwepo, unanunua pambo. Gundi iliyokauka na kutu ya juujuu zisikutishe.

Siku ya kwanza mezani

Tuseme umelipata na ni la kamu, kwa kuwa hayo ndiyo yanayowasumbua wengi. Legeza skrubu ya mbele hadi mataya yafunguke. Ingiza ndoana ya kati kwenye pindo, karibu na ncha ya mataya, si ndani kabisa. Kaza skrubu mpaka mataya yaiguse tu ndoana, yaani iweze kusogea kwa kusukumwa lakini isidondoke. Sasa shusha mkono wa kamu. Ukinzani uanze katikati ya safari yake na ukaze kadiri unavyoshuka. Mkono ukigoma mapema, umekaza mno: rudisha, legeza skrubu robo mzunguko. Ukifika mwisho bila kuhisi chochote, kaza robo mzunguko. Piga tundu kwa ukucha. Ukisikia ile "ting", acha. Usiongeze nguvu ya ziada "kwa usalama". Usalama wa namna hiyo ndio ulionivunjia taya.

Je, ncha ya ndoana ifichwe ndani ya mataya? Wengine huificha ili uzi usikwaruzwe nayo. Mimi naiacha nje. Mataya yakikaa juu ya kile kijino cha kinyume yanaweza kukipa ufa, na ncha ikiguswa na chuma kigumu hupoteza ukali. Uzi utakatika mara mbili tatu wiki ya kwanza, kisha mkono utajua wenyewe njia ya kuikwepa ncha.

Funga nzi kumi wa aina moja na namba moja kabla ya kugusa skrubu tena. Ndipo utakapojua jiliwa linakaa au linalegea lenyewe kazi ikiendelea. Ukibadilisha namba, rudia marekebisho yote tangu mwanzo, hata kama tofauti ni 12 kwenda 14.

Usafi ni wa dakika moja. Futa mataya kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza; gundi au vanishi ikigandia ndani, itoe kwa kitambaa chenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha kabla haijawa jiwe, ila usiiguse plastiki yoyote. Tone moja la mafuta ya cherehani liende kwenye kamu na kwenye mhimili wa kuzunguka. Ndani ya mataya yasifike kamwe, maana ndoana yenye mafuta huteleza hata kwenye jiliwa la kifalme. Ukiishi karibu na bahari, lifunike kwa kitambaa usiku. Alenki (funguo za skrubu) zilizokuja nalo zifunge kwa mpira kwenye nguzo yenyewe, kwa sababu siku skrubu itakapolegea katikati ya nzi, hutazikumbuka ziko droo gani.